Chuma Nacho Huchoka: Habari za Ufa na Nguvu Zinazokusanyika Kwenye Ncha Yake

Kila siku malori yaliyosheheni mawe ya kujengea hutoka katika machimbo ya Ndarugo, kati ya Juja na Thika, yakaelekea Ruiru na Nairobi. Mengine hushuka kutoka Thika yakiwa na mananasi, nguo na bidhaa za viwandani. Mara kwa mara dereva husikia mlio mkali chini ya gari lake, na akishuka kutazama huona kwamba bamba la springi limekatika vipande viwili. Ajabu ni kwamba jambo hili aghalabu hutokea mahali pasipo na shimo wala tuta, na pengine gari linarudi tupu. Mwenye lori apatapo habari humshuku dereva kwamba alikwenda mbio au aliparamia jiwe. Dereva huapa kwamba hakugonga kitu. Mara nyingi dereva huyo asema kweli, na shahidi wake ni chuma chenyewe kilichovunjika, ila ushahidi wake hupotea kwa sababu vipande hutupwa katika rundo la vyuma chakavu kabla mtu hajavitazama.

Yafaa basi vipande hivyo vitazamwe. Ukivigeuza ukaangalia mahali palipokatika, utaona sura mbili zisizofanana. Upande mmoja ni laini, pengine wenye kutu au weusi wa mafuta, na juu yake pana mistari iliyopinda kama ile inayoachwa na mawimbi juu ya mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Upande wa pili ni mpya, wenye kung'aa na kukwaruza mkono. Ule upande laini haukukatika siku ile. Ulikatika kidogo kidogo kwa muda wa wiki nyingi, na kutu ndiyo dalili ya umri wake, kwa maana chuma hakipati kutu kwa dakika moja. Ule upande mpya ndio sehemu ya mwisho iliyobaki ikibeba mzigo peke yake, hata siku moja ikashindwa. Ikiwa upande laini ni mkubwa na upande mpya ni mwembamba, maana yake mzigo ulikuwa wa kadiri na ufa ulitembea sana kabla ya chuma kuvunjika. Ikiwa upande laini ni mdogo kama ukucha na sehemu nyingine yote ni mpya, mzigo ulikuwa mzito mno. Fundi mwenye macho mazuri aweza kuzifuata nyuma zile alama za mawimbi mpaka mahali zilipoanzia, naye atakuta hapo tundu, kona, mkwaruzo wa patasi au doa la kulehemu.

Hali hii wastadi huiita uchovu wa chuma. Jina hili limewapoteza watu wengi, kwa kuwa mtu aliyechoka hupumzika akapata nguvu tena, bali chuma hakipumziki. Lori likiegeshwa mwezi mzima, ufa uliomo katika springi hautapungua hata unywele mmoja. Tena wako mafundi wasemao kwamba chuma kilichozeeka "kimegeuka punje", yaani kimebadilika ndani kikawa kama chumvi, na wanaonyesha ule upande unaokwaruza kuwa ni ushahidi. Neno hili ni la zamani sana. Lilisemwa Ulaya zaidi ya miaka 150 iliyopita, likaonekana si kweli. Chuma kina punje tangu siku kilipotoka katika tanuru, na kuvunjika kwa ghafula kunazidhihirisha tu.

Mambo haya yalianza kuchunguzwa kwa ajili ya reli. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya gari la moshi ilikatika karibu na Versailles, nchini Ufaransa, mabehewa yakapandana na kushika moto, na watu wasiopungua 50 wakafa. Mwaka uliofuata kijana mmoja mhandisi wa Scotland, William Rankine, alizitazama ekseli zilizovunjika akaonyesha kwamba zote zilianza kwa ufa mdogo, na kwamba ufa huo ulizaliwa pale ekseli inapobadilika unene kwa kona kali. Baadaye Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa mtumishi wa reli za Prussia, alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli zikiwa na mzigo mpaka zivunjike, akahesabu mizunguko kwa miaka mingi hata kufikia mwaka 1870. Aligundua kwamba mzigo usioweza kamwe kuvunja ekseli mara moja waweza kuivunja ukirudiwa mara nyingi vya kutosha. Aligundua pia kwamba kwa chuma cha pua kuna kiwango cha chini ambacho mzigo usipokivuka, ekseli yaweza kuzunguka mamilioni ya mara bila dhara. Aluminiamu haina kiwango kama hicho kilicho dhahiri, na jambo hilo litaonekana uzito wake mbele.

Mtu aweza kufikiri kwamba milioni ni hesabu ya vitabuni tu. Na aifikirie reli iliyofika Thika mwaka 1913 kupitia Ruiru. Gurudumu lenye kipenyo cha metre moja huzunguka mara 318 hivi katika kila kilomita. Katika mwendo wa kilomita 40 tu limekwisha kuzunguka mara zaidi ya 12,000, na katika kila mzunguko upande mmoja wa ekseli huvutwa ukiwa juu, kisha hugandamizwa ukifika chini. Behewa likienda na kurudi mara moja kila siku, ekseli yake hutimiza mizunguko milioni moja kwa muda wa siku 40 hivi.

Sasa yapasa kueleza kwa nini ufa huanzia kwenye kona na tundu, wala si mahali pengine. Chukua mfano wa mto Chania unaopita Thika. Mahali ambapo kingo zimenyooka, maji huenda polepole na kwa usawa. Lakini pakiwa na jiwe kubwa katikati, maji yaliyokuwa yakipita pale hayana budi kuzunguka, nayo husongamana pembeni mwa jiwe na kwenda kwa kasi. Nguvu inayopita ndani ya bamba la chuma lililovutwa hufanya vivyo hivyo. Haiwezi kupita katika tundu, kwa kuwa ndani ya tundu hamna chuma cha kuibeba. Huzunguka, na kusongamana kando ya tundu. Kusongamana huko ndiko kunakoitwa kukusanyika kwa mkazo.

Mwaka 1898 Mjerumani mwingine, Gustav Kirsch, alipiga hesabu akapata kwamba kando ya tundu la duara katika bamba pana mkazo huwa mara tatu ya ule ulio mbali na tundu. Haidhuru tundu liwe kubwa au dogo, bado ni mara tatu, mradi bamba ni pana. Hili peke yake ni jambo la kumshangaza mtu anayetoboa tundu jipya katika fremu ya lori ili afunge tangi au mnyororo, akidhani kwamba amepunguza nguvu ya chuma kwa upana wa tundu lile tu.

Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis, aliyekuwa akifikiria sababu ya meli kupasuka, alipiga hesabu ya tundu lililorefuka kama yai. Kanuni yake ni nyepesi. Chukua nusu ya urefu wa tundu, uigawe kwa nusu ya upana wake, uzidishe kwa mbili, kisha ongeza moja. Tundu la duara, ambalo urefu na upana wake ni sawa, hutoa tatu kama alivyosema Kirsch. Tundu lililolala kukingama na mvuto, lenye urefu mara nane ya upana wake, hutoa 17. Na ufa ni nini ila ni tundu refu lisilo na upana? Kwa hiyo kadiri ncha yake inavyokuwa kali, ndivyo hesabu inavyopanda, na ncha ikiwa kali kabisa hesabu haina mwisho.

Hapa wataalamu walikwama. Kama mkazo kwenye ncha ya ufa hauna mwisho, basi kila kitu chenye ufa kingevunjika kwa mzigo wa unyoya, na kila mtu ajua kwamba sivyo. Aliyeonyesha njia ni A. A. Griffith wa Farnborough, Uingereza, katika andiko lake lililochapishwa mwaka 1921. Hakuuliza mkazo wa nchani ni kiasi gani. Aliuliza gharama: ufa ukiongezeka kidogo, je, nguvu iliyohifadhiwa ndani ya kitu kilichovutwa inayofunguliwa yatosha kulipia kupasua sehemu mpya? Ikitosha, ufa hukimbia. Isipotosha, husimama. Kisha mwaka 1957 Mmarekani George Irwin alipata kipimo kimoja cha kueleza hali yote iliyo karibu na ncha. Mkazo huo hupungua kwa mpango maalumu mtu anapokwenda mbali na ncha. Ukiikaribia mara nne zaidi, mkazo huwa maradufu. Kipimo cha Irwin hutegemea mambo mawili, yaani mzigo na urefu wa ufa. Mzigo ukiwa maradufu, kipimo nacho huwa maradufu. Lakini kwa upande wa urefu, ufa yapasa urefuke mara nne ndipo kipimo kiwe maradufu. Katika chuma, mahali palipo karibu kabisa na ncha hapavumilii. Hulegea na kunyumbuka kidogo kama nta, na hiyo ndiyo sababu hesabu isiyo na mwisho haitokei katika chuma cha kweli.

Kunyumbuka huko ndiko kunakoukuza ufa. Gari linapoingia katika shimo, ncha ya ufa hufunguka ikawa butu. Gari linapotoka, hujifunga ikawa kali tena, lakini imesogea mbele kidogo, pengine chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mmarekani Paul Paris ndiye aliyeonyesha mwaka 1961, pamoja na wenzake, kwamba hatua hiyo yaweza kuhesabiwa kwa kipimo cha Irwin. Majarida makubwa yaliikataa habari yake, ikachapishwa katika jarida la chuo kikuu chake. Leo hakuna mhandisi wa ndege au wa madaraja asiyeitumia. Kwa vyuma vingi vya pua, kipimo kikiwa maradufu, hatua ya ufa huwa mara nane hivi.

Tutumie hesabu hiyo katika lori. Tuseme bamba lina ufa wa milimita moja, nao umechukua wiki nane kufika milimita nne. Mwenye lori ataona kwamba ni jambo dogo, tena la polepole. Lakini kwa mzigo ule ule na njia ile ile, kutoka milimita 4 hadi 16 ufa hautachukua wiki nane. Utachukua wiki nne. Kutoka 16 hadi 64, kama bamba ni pana vya kutosha na halijavunjika, utachukua wiki mbili tu. Ndiyo sababu neno la kwamba "ufa huu ulikuwapo tangu zamani na haujaleta shida" ni neno la hatari. Sehemu kubwa ya maisha ya ufa hupita ukiwa mdogo hata usionekane, na ukisha kuonekana kwa urahisi, siku zilizobaki ni chache.

Na mzigo je? Mawe yakiongezwa hata uzito unaotikisa springi uzidi kwa sehemu moja katika tano, zile wiki nane huwa wiki nne na nusu na kitu. Uzito ukifanywa maradufu, wiki nane huwa wiki moja. Anayepakia safari mbili katika safari moja hufikiri ameokoa mafuta ya safari moja, kumbe ametumia maisha ya springi kama aliyekwenda safari nane.

Hesabu hizi hazikupatikana bila machozi, na mojawapo ya misiba yake ilipita Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Kiingereza iitwayo Comet, yenye alama G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg, nayo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza ya abiria wenye kulipa nauli katika ndege ya jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ndege hiyo ilipaa juu sana, mahali penye hewa nyembamba isiyotosha kupumua, kwa hiyo mwili wake ulijazwa hewa kama mpira katika kila safari, na kupunguzwa hewa iliposhuka. Kila safari ilikuwa ni mvuto mmoja juu ya ngozi yake ya aluminiamu. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine, G-ALYY, ilianguka baharini karibu na Naples na watu wake 21.

Huko Farnborough ndege ya tatu, G-ALYU, iliwekwa ndani ya tangi kubwa la maji, mwili wake ukajazwa maji na kupunguzwa, tena na tena, mchana na usiku. Ilikuwa imekwisha kuruka mara 1,221. Baada ya kujazwa mara 1,836 zaidi, ikapasuka. Vipande vya ndege ya Elba vilipoopolewa, ilionekana kwamba ufa ulianzia kwenye kona ya nafasi iliyokatwa juu ya paa kwa ajili ya antena, mahali penye tundu la ribiti. Mkazo wa hapo ulikuwa mkubwa kuliko ilivyodhaniwa na waliopiga hesabu za ndege. Ni kona ile ile ya Rankine, na tundu lile lile la Kirsch.

Liko jambo jingine katika habari hiyo ambalo halisimuliwi sana. Watengenezaji hawakuacha kuijaribu Comet. Sehemu ya mwili wake ilijaribiwa ikavumilia kujazwa zaidi ya mara 15,000. Lakini sehemu hiyo ilikuwa imejazwa kwanza kwa nguvu karibu mara mbili ya kawaida ili kuonyesha uimara wake. Kujazwa huko kulinyumbusha chuma kwenye kona, na kilipolegezwa, chuma cha pembeni kikakibana, hata kona zile zikawa zimekazwa kinyume cha mvuto. Basi jaribio lilitumia kifaa kilichokwisha kupewa dawa bila watu kujua. Siku hizi jambo hili linafahamika: mzigo mmoja mzito wa ghafula waweza kuuchelewesha ufa kwa muda. Asitokee mwenye lori wa kulifanya hilo kuwa hoja ya kupakia kupita kiasi, kwa maana mzigo huo huo waweza pia kulikata bamba palepale.

Comet zilizofuata zilifanywa kwa ngozi nene na madirisha ya mviringo, na East African Airways ilipata Comet 4 zake mwaka 1960.

Siku hizi mkazo ulio karibu na ufa waweza kuonekana kwa macho kabla chuma hakijaguswa. Njia ya kwanza ni ya kutumia bamba la plastiki lenye kupenya nuru, lililokatwa mfano wa kifaa na kuwekwa kati ya vioo viwili maalumu. Likivutwa, mistari ya rangi kama upinde wa mvua hutokea ndani yake, na kwenye ncha ya ufa mistari hiyo husongamana hata haihesabiki. Njia ya pili, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1956 na wahandisi wa ndege wa Marekani, ni ya kukigawa kifaa, katika hesabu tu, kuwa vipande vidogo vingi kama macho ya wavu, na kuiachia kompyuta ipige hesabu ya nguvu zinazopita kutoka jicho hadi jicho. Mbali na ufa macho ya wavu yaweza kuwa makubwa. Karibu na ncha hayana budi kuwa madogo sana, la sivyo kompyuta itatoa picha nzuri ya rangi yenye uwongo ndani yake. Hesabu za namna hii ndizo hutumiwa duniani katika kuunda fremu, ekseli na springi za magari kama yale yanayounganishwa Thika, katika kiwanda kilichoanza kazi miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya.

Fundi wa gereji ya Ruiru hana kompyuta ya kazi hiyo, wala haihitaji ili afanye kazi njema. Bamba kubwa la springi aghalabu hukatika penye tundu la bolti ya katikati. Bolti zenye umbo la U zikikazwa barabara, sehemu ile hubanwa wala haikunjwi, na tundu halipati mvuto. Zikilegea, springi hukunjwa palepale penye tundu, na ile mara tatu ya Kirsch huanza kazi yake. Kwa hiyo bolti hizo zikazwe tena baada ya gari jipya au springi mpya kutembea siku chache. Bamba la springi lisilehemewe kamwe, wala nati isichomelewe juu yake, kwa sababu moto huondoa ugumu uliotiwa kiwandani na huacha mahali pa kuzalia ufa. Fremu isitobolewe kwenye kingo zake za juu na chini, ambazo ndizo zenye kubeba mvuto mwingi.

Ufa ukionekana katika bati la bodi au kifuniko, si katika springi, ekseli wala usukani, waweza kusimamishwa kwa muda kwa kutoboa tundu kwa keekee penye ncha yake. Wengi hustaajabu kwamba tundu latibu ufa, lakini aliyefuata habari hii ameelewa: ncha kali imegeuzwa kuwa duara. Ila ni lazima tundu liichukue ncha yenyewe, na ncha ya kweli aghalabu iko mbele ya pale jicho linapoona. Tundu likiwa nyuma yake, kazi ni bure. Kando za tundu zilainishwe kwa tupa na msasa.

Ili kuiona ncha hiyo, mafundi wa reli walitumia njia ya bei ndogo inayofaa hata leo. Chuma huoshwa vizuri, hupakwa mafuta ya taa na kuachwa mpaka yapenye. Kisha hufutwa kwa kitambaa mpaka kikauke kabisa, na hupakwa chokaa nyeupe iliyosagwa laini. Chuma kikigongwa polepole kwa nyundo, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuilowesha chokaa, na mstari mweusi mwembamba hutokea juu ya weupe, ukionyesha mahali ufa ulipoanzia na mahali ulipofika.